Mdomo Wangu, Sauti ya Bibi

Mjomba wangu ana sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake kuna kanda za kaseti zaidi ya mia. Nyingi hazipigi tena. Nyingine zimeota ukungu, nyingine utepe umejisokota kama tambi za futari. Lakini ole wako useme zitupwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjomba alikuwa akipiga disko toto pale Temeke, Jumapili mchana, spika mbili na taa moja nyekundu, na kwa watoto wa enzi zile yeye alikuwa mtu mzito kuliko diwani.

Siku moja ya mvua mwaka 2024 tulikuwa tunalipanga lile sanduku upya, maana maji yalikuwa yameingia ndani. Nikaokota kanda yenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: RAIDI ONI TAIMU – BLAKI BOKSI. Nikaangua kicheko.

"Usicheke, mjomba," akaniambia. "Hiyo ilikuwa inainua vumbi. Ukiiweka saa kumi na moja jioni, hata mzazi aliyekuja kumfuata mtoto anaingia kucheza."

Nikaitafuta kwenye simu. Kwanza kinakuja kinanda, kinagongwa kwa haraka kama mtu anayebisha hodi huku anakimbizwa. Ngoma inapiga dufu, dufu, dufu, haina mapozi. Halafu anatokea mwanamke. Haanzi taratibu. Anatoka moja kwa moja na ukelele uliokatwa vipande, vipande vinarudiwa, vinapandishwa, mpaka nywele zinakusimama. Mvua ikinyesha, sisi wawili tumekaa sakafuni kati ya kanda zilizolowa, mjomba anatikisa kichwa na mguu.

"Ile video tuliiona kwa jirani mwenye deki," akasema. "Anaimba dada mmoja mrefu, mwembamba kama mwanzi, mzuri kupita kiasi. Washikaji wote walizimia. Ila mimi nilikuwa nawaambia, kifua kile hakitoi sauti hii. Sauti hii imekula ugali."

Mjomba alikuwa sahihi, na mwenyewe hakujua kwa kiasi gani. Mimi nilitazama pembeni. Nyumbani kwetu kuna mtu mwingine aliyechezesha mdomo juu ya sauti isiyo yake, na mtu huyo ni mimi.

Nianze na wimbo, maana wenzangu wengi wa rika langu hawaujui hata kwa kuusikia.

"Ride on Time" ulitoka mwaka 1989. Waliouunda ni Waitalia watatu, Daniele Davoli, Mirko Limoni na Valerio Semplici, waliojiita Black Box. Uingereza ulikaa namba moja kwa wiki sita, na ndio wimbo uliouzwa kuliko nyimbo zote za mwaka ule nchini humo. Dada wa kwenye video anaitwa Katrin Quinol, mwanamitindo Mfaransa mwenye asili ya Guadeloupe. Alicheza, alipendeza, alifungua mdomo pale ilipotakiwa. Lakini sauti haikuwa yake.

Sauti ilikuwa ya Loleatta Holloway wa Chicago. Mama huyu alizaliwa mwaka 1946, akakulia katika nyimbo za injili, akaimba katika kwaya ya mama yake na baadaye katika kundi maarufu la injili liitwalo The Caravans, kabla ya kuingia kwenye soul na disko. Mwaka 1980 alirekodi wimbo "Love Sensation", uliotungwa na kutengenezwa na Dan Hartman. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Hartman alimrudisha kwenye maikrofoni mara nyingi sana siku ile, mpaka koo likachoka. Ukiusikiliza wimbo ule leo unaielewa habari hiyo. Sauti ile imetolewa chini kabisa.

Miaka tisa baadaye wale vijana wa Italia waliichukua. Kazi yenyewe hufanywa hivi: kuna mashine inaitwa sampula. Unailisha sauti yoyote, nayo inainasa. Ukishainasa unaikata, unabaki na kipande unachokitaka, labda nusu sekunde, labda sekunde mbili. Kisha kila kipande unakiweka kwenye kibonye chake cha kinanda. Ukibonyeza, mama wa Chicago anapiga ukelele. Ukibonyeza tena, anarudia. Ukibonyeza mara kumi, anapiga mara kumi, na hachoki, hadai maji ya kunywa, hakuulizi unafanya nini na koo lake.

Tena kuna jambo moja lililonichekesha mpaka likaniuma. Hata jina la wimbo ni la kusikia vibaya. Katika wimbo wa asili Loleatta anatamka "right". Waitalia Kiingereza hakikuwa lugha yao, wakasikia "ride", wakaandika walichosikia. Ni sawasawa na sisi tulivyokuwa tukiimba nyimbo za Wazungu shuleni kwa maneno ambayo hata Mzungu mwenyewe angehitaji mkalimani. Mjomba naye akasikia raidi oni taimu. Kosa likasafiri kutoka Italia mpaka Temeke na kukaa kwenye sanduku la bati miaka thelathini na kitu.

Msomaji mwenzangu, usidhani nataka kusema kwamba kuchukua ni wizi. Nikisema hivyo nitakuwa mnafiki wa kwanza, na muziki wetu wenyewe utanisuta. Mwaka 1981 Queen na David Bowie walitoa "Under Pressure". Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar, kwa hiyo huyo ni wetu kidogo. Mwaka 1990 Vanilla Ice wa Marekani akachukua mpigo wa besi wa wimbo ule akajengea "Ice Ice Baby", bila kuwataja wenyewe, mpaka mambo yakaishia kwenye malipo na majina yao kuongezwa. Na hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1990, Saleh Jabir akauchukua mdundo wa Vanilla Ice akaumwagia Kiswahili, na vijana wakagundua kumbe lugha ya mama nayo inaghani. Bila kuchukua kule, nani ajuaye Bongo Fleva ingeanzia wapi?

Kwa hiyo kuchukua siyo ugonjwa. Bibi zetu hadithi zao walizichukua kwa bibi zao. Ugonjwa uko mahali pengine, na mimi nilipaona siku ile ya mvua kwa sababu niliwahi kulala hapo.

Sasa nisimulie yangu.

Mwaka 2022, usiku wa mgao wa umeme, nilikuwa nimekaa barazani na bibi yangu mzaa mama. Giza totoro, kibatari kimoja, mbu kwa zamu. Bibi akaanza kunisimulia alivyotoka Tabora kwa treni mwaka 1967, mwari, anakuja Dar es Salaam kwa mume aliyemwona mara moja tu. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia ishirini. Nikaiwasha kinasa sauti, nikaiweka kwenye mkeka. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba akijua ataanza kuongea kama yuko redioni.

Aliongea dakika arobaini. Akasema treni ilikuwa inamtoa kwao polepole kama mtu anayechomoa mwiba. Akasema hela aliyopewa na mama yake aliifunga kwenye pindo la khanga, na usiku kucha alikuwa akiligusa lile fundo, siyo kwa kuogopa wezi, ila kwa sababu fundo lilifungwa na mama na yeye hakutaka kulifungua. Akasema aliposhuka stesheni akasikia harufu ya chumvi, akadhani jirani na pale kuna mtu anapika.

Mimi nilikuwa nimekaa miezi minane nashindwa kuandika hadithi moja ya maana. Nina daftari limejaa mianzo. Usiku ule ule, bibi alipolala, niliingia chumbani na simu, nikaanza kunukuu.

Nilichofanya ndicho walichofanya wale watatu wa Italia, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mashine. Nilikata. Nilibakiza ule mwiba, lile fundo, ile chumvi. Yule mwari nikamgeuza kijana wa kiume anayekuja mjini kutafuta kazi, kwa sababu niliona hivyo hakuna atakayehisi. Khanga nikaifuta, nikamvalisha suruali. Nikapanga vipande, nikarudia vingine, nikaongeza mdundo wangu katikati: mtaa, daladala, bosi mkali. Ikatoka hadithi ya kurasa sita. Nikaipeleka kwenye shindano la waandishi chipukizi. Mwaka 2023 ikashinda.

Siku ya kukabidhiwa zawadi nilivaa shati jeupe la kuazima. Mmoja wa majaji, mtu mzima wa heshima zake, alisimama akasoma kwa sauti sehemu iliyomgusa zaidi. Ilikuwa ile ya kijana kuligusa fundo la mama yake usiku kucha garini. Akasema picha ile ya fundo ni ya kishairi kwelikweli, maana kijana huyu hana fundo lolote, ana mifuko ya suruali, lakini mwandishi anatuonyesha fundo la moyoni.

Ndugu zangu, fundo lile lilikuwa kosa. Niliifuta khanga nikasahau kufuta fundo. Lilibaki linaning'inia hewani kama lile neno "ride", mshono wa nguo isiyo ya kwangu, na watu wakaupigia makofi wakidhani ni urembo.

Halafu yule jaji akaniuliza mbele ya ukumbi: "Kijana, lugha hii unaitoa wapi?"

Nilikuwa na nafasi. Sentensi moja tu ingetosha. Badala yake nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kujifunza mbele ya kioo, nikasema: "Huwa inanijia usiku, mzee."

Kweli ilinijia usiku. Ilinijia barazani, imevaa khanga mbili, na inakohoa.

Kwa hela ya zawadi nilinunua kompyuta ya mtumba. Iliyobaki nikamnunulia bibi doti moja ya khanga. Akaipokea kwa mikono miwili, akanibariki, akawaambia majirani mume wake amekuwa mwandishi. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, na mimi siku ile utani ule ulinikaba kooni. Nilimpa mwenye mali sehemu ndogo ya mali yake, akanishukuru.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakinizunguka kichwani pale sakafuni kwa mjomba. Usiku ule nililala na simu nikisoma habari za Loleatta. Nikajua kwamba hakukaa kimya. Madai yakapelekwa, wakakubaliana nje ya mahakama, akalipwa. Katika matoleo ya baadaye ya wimbo ule waliingiza sauti ya mwanamke mwingine, Heather Small, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa, naye jina lake halikuandikwa. Yaani waliondoa koo moja lisilotajwa wakaweka lingine lisilotajwa. Na katika albamu ya Black Box ya mwaka 1990 mwimbaji mkubwa alikuwa Martha Wash, yule wa "It's Raining Men". Kwenye video, midomo ni ya Katrin Quinol tena. Martha akakuta jambo hilo hilo kwenye "Gonna Make You Sweat" ya C+C Music Factory: sauti yake, sura ya mwingine. Alikwenda kwa wanasheria, na kesi zake ndizo zilizosukuma kampuni za muziki Marekani kuanza kuwataja waimbaji kwenye kazi zao kama inavyopaswa.

Lakini iliyoninyima usingizi ni habari nyingine. Mwaka 1991 Marky Mark na The Funky Bunch walitoa "Good Vibrations". Nao walichukua kutoka "Love Sensation" ile ile. Sauti ile ile, wimbo ule ule, mashine za aina ile ile. Safari hii jina la Loleatta Holloway liliandikwa kwenye wimbo, na kwenye video yupo yeye mwenyewe, anaimba kwa mdomo wake. Wimbo ukafika namba moja Marekani. Nikaitazama ile video mara nne. Hakuna aliyeupenda wimbo kidogo kwa kujua anayeimba ni nani. Muziki haukuharibika. Ile hofu yote ya kuficha ilikuwa ya bure.

Asubuhi nikaenda kwa bibi na kitabu cha washindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona uso umekuparama hivyo, umelala na nani?"

Nikamwambia nataka kumsomea hadithi iliyoninunulia kompyuta. Hakuwahi kuisikia. Yeye macho yake hayasomi tena, na mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nikisema kesho. Akaweka mchele aliokuwa akiuchambua pembeni, akakunja miguu.

Nilisoma. Nilipofika kwenye mwiba, akainua kichwa. Nilipofika kwenye fundo, akashika pindo la khanga yake, ile niliyomnunulia mimi, akalishika tu bila kujua. Nilipofika kwenye chumvi akacheka, kicheko kifupi.

Nikamaliza. Kimya. Kuku wa jirani akapita kati yetu.

"Maneno haya nayajua," akasema.

"Ni ya kwako, bibi."

"Na huyu mwanamume ni nani?"

"Nilimtunga."

"Fundo alilifunga kwenye nini sasa, kwenye suruali?"

Nikanyamaza. Nikamweleza yote, simu kwenye mkeka, shindano, jaji, jibu langu. Sikutaja Chicago wala Italia. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia nitawaandikia wale wa shindano, na nitaweka jina lake.

Bibi aliuvuta ungo wa mchele akaendelea kuchambua. Akasema maneno ambayo nayaandika hapa kwa ruhusa yake:

"Mimi sijakwambia uweke jina langu. Jina langu lina mambo yake, na wengine niliosafiri nao wako hai. Mimi nakwambia utoe lako."

Nimezunguka na sentensi hiyo tangu siku ile. Nilikwenda pale nikiwa na dawa yangu tayari mfukoni, nimeipata kwa Martha na Loleatta, nikidhani dawa ni moja kwa kila mtu. Loleatta alitaka jina na hela yake, na ilikuwa haki yake. Bibi alitaka kitu kingine, na hakuna kitabu kingeniambia ni kipi. Ilibidi kumuuliza. Na kumuuliza ndiko nilikokukwepa tangu ule usiku wa kibatari, nilipoilaza simu kwenye mkeka kwa siri.

Barua nimeiandika kwa wale wa shindano. Nimewaambia wazi kwamba maneno mazuri ya hadithi ile si yangu, ni ya bibi mzaa mama yangu, na kwamba mimi niliyapanga tu, tena vibaya, kwa sababu niliacha fundo hewani. Wakitaka zawadi yao nitailipa kidogo kidogo. Wenzangu wawili ninaoandika nao wameniambia nimejichoma kisu, kwamba kila mwandishi anaiba na hakuna anayeungama. Huenda. Lakini washairi wetu wa zamani, walipofika mwisho wa utenzi, walikuwa na beti za tamati ambamo mtunzi hujitaja, na wengine hutaja mpaka aliyewaomba watunge. Walijua msomaji ana haki ya kuambiwa sauti imetoka kwenye kifua cha nani.

Loleatta Holloway alifariki mwaka 2011. Sauti yake bado inabonyezwa kwenye vinanda vya watu ambao hawakuwahi kumwona. Mjomba wangu nilipomwambia jina lake aliitoa ile kanda mbovu kwenye sanduku, akatafuta kalamu. Chini ya RAIDI ONI TAIMU akaandika, kwa herufi zake kubwa, LOLEATA HOLOWEI. Kakosea tena. Lakini safari hii kamtaja.

Wiki iliyopita bibi aliniita barazani. Umeme ulikuwepo, taa inawaka. Akasema kuna sehemu ya safari ile hakuniambia, kilichotokea Morogoro treni iliposimama usiku.

"Kilete kile kidude chako," akasema. "Kiweke hapa mbele nikione."

Nikakiweka. Nikamuuliza kama niwashe.

"Washa. Ila kwanza useme hapo ndani ni nani anayeongea."

Nikasogeza mdomo karibu na simu, nikalitaja jina lake, yote matatu. Humu sitaliandika. Kisha nikarudi nyuma, nikanyamaza, bibi akakohoa, akaanza.